Mwaka Nilipotubu Kupita Kiasi

Mama Salome alipofariki, kamati ya mazishi ilinituma niandike historia fupi ya marehemu, ukurasa mmoja tu, kwa sababu kulikuwa na waheshimiwa waliotaka kuhutubia. Walinichagua kwa kuwa naandika magazetini, na kwa kuwa niliwahi kukaa nyumbani kwake nikiwa msichana. Nikaandika kwamba alizaliwa, akaolewa na Mchungaji Yosia, akalea watoto sita, akawafundisha kina mama wa Kiambere kusoma na kushona. Mwenyekiti wa kamati alisoma karatasi ile akiwa amesimama, akasema, "Mwalimu, ongeza hapo kwamba hakuyumba katika imani hata siku moja." Nikaongeza. Nina shahada mbili, na nimewahi kubishana na maprofesa hadi wakaomba maji, lakini sijawahi kumshinda mwenyekiti wa kamati ya mazishi. Kuna mwaka mmoja ambao sikuutaja kabisa katika ukurasa ule, na ndio mwaka ninaoukumbuka kuliko yote niliyoishi. Kaburini nilisimama karibu na wanawake watatu wazee waliotoka Embu kwa lori, na wao pia hawakuutaja. Tulisalimiana, tukaulizana habari za magoti.

Ya kwetu Mikinduri sitayasimulia. Inatosha kusema kwamba nilitoka huko nikiwa na miaka kumi na minane, cheti cha ualimu, na wokovu wa miezi minane. Ilikuwa wakati wa emajensi, hali ya hatari iliyotangazwa na wakoloni watu walipoingia msituni kuwapiga vita. Mwalimu wa darasa la kwanza katika misheni moja juu ya Manyatta alikuwa ametiwa kizuizini, nami nikapelekwa kujaza nafasi yake. Cheti kilinipa haki ya kufundisha kujumlisha na kutoa. Wokovu ndio ulionipa haki ya kuwachunguza watu wote, au ndivyo nilivyoamini. Sijui kama kuna kiumbe mwenye uhakika zaidi duniani kuliko msichana aliyeokoka miezi minane iliyopita, na nikisoma shajara niliyoiandika wakati ule huwa natamani kumtoa huyo msichana nje, nimpe jembe, nimwambie apumzishe akili.

Nilipewa chumba katika nyumba ya mchungaji. Nasema chumba, lakini ilikuwa pembe ya sebule iliyokatwa kwa pazia la magunia yaliyoshonwa pamoja, na kitanda cha kamba kilichonifanya nijue umbo la kila fundo. Kupitia magunia yale niliyasikia mambo yote ya nyumba na ya kanisa, nisitake kusikia, au nitake, maana siku hizi sioni haja ya kujitetea. Jioni yangu ya kwanza alikuja Hedimani Ezra, kiongozi wa kijiji aliyewekwa na serikali. Alikuwa mzee wa kanisa, ameokoka, na pia ndiye mkuu wa homgadi wa pale, wenyeji waliopewa bunduki na serikali wapambane na watu wa msituni. Wiki chache kabla ya hapo, ndugu yake alikuwa ameuawa njiani akitoka kwenye mnada wa mbuzi.

"Mchungaji," alisema Ezra, "bunduki ya serikali siwezi kuiacha nje kama jembe."

"Basi kaa nje nayo. Nitakuhubiria kupitia dirishani."

"Unafanya mzaha, na ndugu yangu tumemzika juzi."

"Nilimzika mimi, Ezra. Ndiyo maana nimeanza na wewe kabla ya kuwaambia wale wengine."

Nikasikia kikombe kikiwekwa chini. Mwisho wakakubaliana kwamba bunduki zitaegemezwa kwenye ukuta wa baraza ya kanisa, na kila Jumapili homgadi mmoja atakaa nje kuzilinda. Huyo mlinzi alisimuliwa mahubiri baadaye na wenzake, kwa muhtasari, na wengi walianza kuigombania zamu hiyo.

Ndani ya kanisa, upande wa kulia walikaa homgadi na jamaa zao. Upande wa kushoto walikaa wake na mama wa wanaume walioko msituni au kizuizini. Hakuna aliyewapanga. Njia ya katikati ilikuwa pana kiasi cha kupitisha ng'ombe, na Mchungaji Yosia alihubiri akitembea humo, mtu mfupi mwenye koti lililofifia mabegani, akigeuza kichwa kulia na kushoto kama anayevuka barabara. Mimi nilimwona mwoga. Nilitaka ahubiri moto. Sasa nina umri mkubwa kuliko aliokuwa nao wakati ule, nimeketi katika mikutano ya wasomi ambamo watu kumi na wawili hawakuweza kuafikiana saa ya kunywa chai, na ninaelewa kidogo ile shingo yake ilikuwa inafanya kazi gani.

Mama Salome alikuwa mrefu kumzidi, mwenye sauti nzito na mzaha uliotoka bila uso kubadilika. Jiko lake lilikuwa kibanda cha udongo nyuma ya nyumba, mawe matatu, moshi, na kigoda kimoja kizuri ambacho alimpa mgeni yeyote hata kama mgeni ni mimi kila siku. Humo ndimo nilijifunza kula nduma iliyopoa kwa chai ya moto, na mukimo wake wa mahindi, ndizi na majani ya malenge, aliouponda akiwa amesimama kwa mwiko mrefu kama nguzo. Aliicheka lugha yangu. "Mmeru huyu anaomba kama anayegombana na jirani kuhusu mpaka," aliwaambia wageni. Wakati huo serikali ilikuwa imewaamuru wanawake wachimbe handaki kubwa ukingoni mwa msitu, lenye vigingi vya mianzi vilivyochongoka, ili watu wa msituni wasiteremke kutafuta chakula. Mke wa mchungaji alikuwa amesamehewa kazi hiyo. Alikwenda hata hivyo, Jumanne na Ijumaa, akarudi na malengelenge mikononi na habari zote za vijiji vinne.

Meza ya Bwana iliandaliwa mara moja kwa mwezi. Mwezi wangu wa kwanza, baada ya mahubiri, Mama Salome aliinuka akatoka kwa sababu aliacha maziwa motoni. Mwezi wa pili mbuzi waliingia kwenye maharagwe. Mwezi wa tatu ni tumbo, wa nne ni mtoto wa jirani, wa tano sikumbuki, lakini shajara yangu inakumbuka: "Amesahau ufunguo." Nilikwisha kuamua kwamba moyo wake umepoa. Nikaacha kuimba naye jikoni. Nikawa napokea mukimo wake kwa shukrani fupi, kama mtu anayesaini barua ya posta. Na kila asubuhi nikasimama mbele ya watoto arobaini, nikawafundisha kwamba moja na moja ni mbili.

Maana hesabu yenyewe ilikuwa wazi kwa kila mtu isipokuwa mimi. Mwaka uleule kanisa lilikuwa limetoa sharti, na Mchungaji Yosia alilisoma mwenyewe madhabahuni nikisikia. Mkristo aliyekula kiapo cha watu wa msituni, hata kwa kulazimishwa, asiiguse Meza ya Bwana mpaka asimame mbele ya ushirika, aungame, na amtaje aliyemlisha. Na watu wenyewe walikuwa na hofu yao iliyotangulia sharti: kuweka mkate wa Bwana juu ya kiapo ndani ya tumbo moja ni kuita kifo. Kwa hiyo mwanamke aliyepitwa na Meza miezi mitano mfululizo alikuwa anasema kitu, na kina mama wa upande wa kushoto, na hata wa upande wa kulia, walikuwa wamekisikia zamani wakanyamaza. Mimi nilisikia maziwa yakichemka.

Alhamisi alasiri, kabla ya saa za kafyu, sisi tuliookoka tulikutana katika sebule ya mchungaji. Desturi yetu ilikuwa kutembea nuruni. Mtu anasimama, anaitaja dhambi yake waziwazi kwa jina, bila kuifunika, na akimkosea mtu aliyepo anamgeukia na kumwomba radhi. Kisha watu wanaimba kwa furaha. Sitaicheka desturi hiyo. Nimeona wanaume waliokuwa maadui kwa sababu ya shamba wakikumbatiana sebuleni mle, na hakuna warsha ya usuluhishi niliyohudhuria tangu wakati huo iliyofanya nusu ya kazi hiyo. Alhamisi ile mchungaji alikuwa amekwenda kumwona mgonjwa. Mama Salome alikuwa akimimina chai. Nikasimama.

"Ndugu zangu," nikasema, "nataka kutembea nuruni. Nimekuwa na chuki moyoni juu ya Mama Salome, ambaye nakula chakula chake. Nimemhukumu kwa sababu miezi mitano hajafika Meza ya Bwana, na kila mara anatoa kisingizio. Namwomba Mungu anisamehe, na mama anisamehe."

Nilisubiri wimbo. Hakuna aliyeanzisha. Juliana, mke wa Hedimani Ezra, alikuwa akiitazama sakafu kana kwamba ameangusha sindano. Mama Salome aliweka birika chini, akavuka sebule kama desturi ilivyotaka, akanishika mabega kwa mikono yake iliyokwaruza. "Nimekusamehe, Kanana," akasema. Nyuma yake nikamsikia Ezra.

"Miezi mitano," alisema, si kwa ukali, kama mtu anayerudia bei aliyotajiwa.

Hapo ndipo nilipojumlisha.

Mchungaji aliporudi jua lilikuwa bado halijatua. Nilikuwa nyuma ya magunia yangu, nimefunika kichwa, na bado nikasikia.

"Ni kina nani, Salome?"

"Usiniulize. Ukijua, utaulizwa."

"Nitaulizwa hata nisipojua."

"Basi utajibu kweli kwamba hujui. Waliniita kwenye nyumba yenye mgonjwa. Nilidhani naenda kuomba naye. Waliniambia nikikataa watakuchoma humu ndani na watoto. Nikala. Ni wanawake ninaochimba nao, Yosia. Mmoja amewahi kuninyonyeshea mtoto nilipokuwa na homa."

"Sharti nililisoma kwa mdomo wangu mwenyewe."

"Nilikusikia. Ulilisoma vizuri."

Kesho yake Ezra alikuja, akakataa kukaa. Alisema mambo yamesemwa mbele ya watu ishirini, na kati ya hao wako watakaoyapeleka ofisi ya serikali asipoyapeleka yeye. Kwa hiyo Jumapili, mbele ya mmishenari, mama asimame aungame na awataje. Asipowataja, Jumatatu yeye Ezra atalazimika kumpeleka kambini akachujwe kwa maswali, na kambini watu hawaulizwi kwa upole. "Sitaki, Mchungaji," alisema. "Huyu mama aliiosha maiti ya ndugu yangu. Lakini msichana wako amesema." Msichana wake nilikuwa mlangoni na ndoo ya maji, na hakuna aliyenitazama.

Mmishenari wetu tulimwita Bwana Polepole, kwa jinsi alivyoendesha gari lake. Hakuwa mtu mbaya. Alijua Kiembu kizuri na aliwapenda watu, lakini aliamini kwamba kanisa ni kama nyumba ya matofali, ukichomoa moja yote inakuja chini, na kila sharti kwake lilikuwa tofali. Jumapili alikuja na kanzu yake imekunjwa ndani ya sanduku. Bunduki zilikuwa zimeegemezwa barazani kama kawaida. Ila siku hiyo hakuna homgadi aliyetaka zamu ya kukaa nje, na mwisho walimwachia kazi mzee mmoja kiziwi.

Mama Salome alisimama mbele akiwa na kitambaa cheupe kichwani. Sauti yake haikutetemeka, lakini alisema taratibu, kama mtu anayetembea juu ya gogo la kuvukia mto.

"Nilikula kiapo. Nilikula kwa hofu. Nawaomba Mungu, na mume wangu, na ninyi, mnisamehe. Hayo ndiyo yangu. Ya wengine si yangu kuyatubia."

Sijui kama alinitazama. Nimewahi kusimulia kwamba alinitazama, lakini nadhani nilijipa umuhimu.

"Mama," alisema Bwana Polepole, "ni nani alikulisha?"

Akanyamaza. Mmishenari akangoja kwa muda wa haki kabisa, kisha akasema kwa huzuni kwamba sharti ni sharti, basi akae benchi la nyuma. Benchi hilo lilikuwa la waliotengwa na Meza, walevi wawili watatu na mtu mwenye wake wawili. Mama Salome akatembea njia ile pana, peke yake, akakaa.

Mchungaji Yosia ndiye aliyepaswa kushika kikombe. Alikuwa tayari amekishika. Akakirudisha mezani, akakisogeza kidogo mbali na ukingo kisije kikaanguka, akatugeukia. "Sharti hili," alisema, "nusu yake ni ya kanisa. Kuungama ni kwetu. Kutaja watu tuliongezewa na ofisi, nami nikakusomeeni zote mbili kwa sauti moja, kwa sababu niliogopa. Kwa hiyo leo mimi pia sistahili." Akavua kanzu, akaikunja vibaya, akaenda nyuma akakaa karibu na mkewe. Hakuhubiri moto hata siku hiyo. Alikaa tu.

Nadhani hakuwa amepanga zaidi ya hapo. Kilichofuata hakikuwa chake. Bibi mmoja wa upande wa kushoto, ambaye mwanawe alikuwa msituni, aliinuka kwa shida akaenda kukaa nyuma. Hilo lilieleweka, na niliona homgadi wakitazamana. Kisha akainuka mwingine wa kushoto. Halafu, upande wa kulia, akainuka Juliana.

"Juliana," alisema Ezra kwa sauti ya chini ambayo kanisa zima liliisikia. "Unakwenda wapi?"

"Nyuma."

"Wewe hujala kitu."

"Sijasema nimekula. Nakwenda kukaa."

"Rudi hapa, mama."

"Hapa kuna upepo," alisema Juliana, na madirisha yote yalikuwa yamefungwa.

Baada ya hapo waliinuka kutoka pande zote mbili. Akaenda mkunga mzee ambaye kila mtu alijua alikimbilia kwa jamaa za mumewe siku za viapo ili asilishwe. Wakaenda wake wa homgadi, na wasichana wa kwaya. Benchi likajaa, wakakaa sakafuni. Aliyelisha, aliyelishwa na ambaye hakuwahi hata kukisikia kiapo kwa karibu walikaa wamebanana bega kwa bega, na hakuna mtu duniani angeweza kusema yupi ni yupi. Bwana Polepole alisimama na sahani ya mkate mbele ya mabenchi ya wanaume, akawa mwekundu, akaendelea na ibada kwa sababu hakujua njia nyingine.

Ningependa kuandika kwamba niliinuka nami. Nimeandika hadithi nyingi ambazo mtu wa namna yangu anainuka. Lakini nilikuwa safi. Sikula kiapo, nilikuwa nimetubu Alhamisi, na nilisadiki kwamba kukaa nyuma ni kudanganya. Nikaenda mbele nikapiga magoti, mwanamke mmoja katika safu ya wanaume, nikapokea mkate. Ulikuwa mkavu.

Jumatatu Ezra alikuja nyumbani, na safari hii alikaa. Mchungaji akamuuliza kama amekuja kumchukua mama.

"Nimchukue yeye tu, na wanawake wote wamekaa pamoja naye? Ofisi itaniuliza wale wengine."

"Basi wachukue wote," alisema Mama Salome, akimpa kikombe.

"Na handaki litachimbwa na nani?" Ezra aliuliza, na alikuwa anauliza kweli. Alikunywa chai yake kwa muda mrefu. "Mke wangu hasemi nami," akasema mwishowe, akaondoka. Huko ofisini sijui aliwaambia nini. Hakuna gari lililokuja.

Jioni hiyo nilimfuata Mama Salome jikoni. Alinipa kigoda kile kizuri na sahani ya nduma. Nikaiweka chini, nikaanza. Nikamwambia nimetenda dhambi, na kwamba chini ya dhambi hiyo kulikuwa na kiburi, na chini ya kiburi kulikuwa na jambo lingine ambalo nalo nilitaka kulileta nuruni. Akaniacha nifike hapo.

"Kanana, mwanangu," alisema, "ukitubu tena utatumaliza. Kula."

Nikala. Uso wake haukubadilika, lakini moshi ulikuwa mwingi na wote wawili tulifuta macho.

Kwa miezi iliyobaki, kila Jumapili ya Meza, mchungaji aliendesha ibada mpaka mahali pa mkate, akamwachia mmishenari, akaenda nyuma. Wanawake wakamfuata. Wako watu wenye busara wanaosema hadi leo kwamba alikosea. Wanasema kanisa lisilo na nidhamu ni baraza la kupigia soga, na kwamba ndugu wa Ezra aliuawa na watu ambao jamaa zao walifichwa benchi lile. Siwezi kuwajibu vizuri. Nimehutubia juu ya uongozi wa kanisa katika vyuo viwili, na mara zote nimesema mambo ya maana kuhusu kila mtu isipokuwa Yosia. Ninachojua ni kwamba hakuwa jasiri. Alikuwa mtu aliyesoma karatasi aliyopewa, kisha akaona aibu, na aibu yake akaipeleka mahali ambapo watu wangeweza kukaa nayo. Mwisho wa mwaka wakuu wa kanisa walimwondoa. Walimpeleka Kiambere, kwenye joto, mbuzi na miiba, ambako hakukuwa na kanisa la kuongoza bado. Barua ilisema anapewa nafasi ya kueneza Injili.

Jumapili yao ya mwisho ilikuwa ya Meza. Vitu vyao vilikuwa vimefungwa tayari barazani mwa nyumba, hata pazia langu la magunia lilikuwa limefumuliwa yakawa magunia tena, yamejaa sufuria. Mahubiri yalipokwisha mchungaji alikwenda nyuma, na wanawake wakainuka. Nilibaki kwenye benchi langu nikiangalia safu ya wanaume ikielekea mbele. Sikuwa nimefikia uamuzi wowote wa kiroho. Sikutubu, sikuomba, na kwa mara ya kwanza mwaka mzima sikuwa na maoni. Nikaona tu kwamba kama nikienda mbele nitawapa mgongo, na kwamba kesho hawatakuwepo. Nikatembea kwenda nyuma. Benchi lilikuwa limejaa, na sakafu pia. Nikasimama pale kama mtoto aliyechelewa shule.

Mama Salome alimsukuma Juliana kwa nyonga, Juliana akamsukuma aliyefuata, na nafasi ndogo ikapatikana.

"Umechelewa," alininong'oneza. "Kaa. Na usiseme kitu."

Nikakaa. Sikusema kitu. Mkate ukatupita sote.